Barua ya Wazi kwa Profesa Janabi: Chanjo Itangulie Mvua

Kwa Mheshimiwa Profesa Mohamed Yakub Janabi,
Mkurugenzi wa Kanda ya Afrika, Shirika la Afya Duniani,
Brazzaville.

Mheshimiwa Profesa,

Kwa heshima na taadhima naomba dakika chache za muda wako, na kwanza naomba radhi kwa kuziomba hadharani. Ninafahamu kwamba barua kwa mtu wa nafasi yako ina njia yake: ipokelewe na katibu, isomwe na msaidizi, ipimwe na mtaalamu, ndipo ikufikie ikionekana inafaa. Nimeipitisha hapa kwa sababu wanaohusika na ninayoyaandika ni wanawake wasio na sanduku la posta wala barua pepe. Na nimethubutu kwa sababu tunakufahamu. Ulipokuwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ulituhimiza mara nyingi tuangalie tunachokula, tupunguze sukari na uzito, nawe ulisema nasi kwa Kiswahili cha nyumbani, bila kutuonyesha kwamba unatuteremkia. Naitegemea tabia yako hiyo.

Tulifurahi mno Mei 2025, nchi wanachama zilipokuchagua kuiongoza kanda yetu. Furaha hiyo ilitukuta bado tuna majonzi, maana kiti hicho alikuwa amechaguliwa kukikalia Dkt. Faustine Ndugulile, na Mwenyezi Mungu akamchukua Novemba 2024 kabla hajakikalia. Uliposhika usukani ulishika na dua za Watanzania wengi, zangu zikiwamo. Mimi ni mkunga mstaafu, na ninayokuandikia yanahusu wajawazito.

Jambo lenyewe ni homa ya ini aina ya E. Tafadhali, Profesa, usinione namfundisha bingwa wa moyo mambo ya ini. Haya machache nayaeleza kwa ajili ya wasomaji wengine, ambao wengi wao wamezisikia aina ya B na C, pengine wamepimwa B kliniki, lakini kuhusu E hawajaambiwa neno.

Virusi vyake hutoka na kinyesi cha aliyeambukizwa na kuingia mwilini kwa kinywa, hasa kupitia maji ya kunywa yaliyoingiwa na kinyesi hicho. (Huko Ulaya wapo wanaoupata kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri, hiyo ni aina nyingine ya kirusi hicho hicho, na si ninayoililia hapa.) Aliyekunywa maji hayo leo haumwi kesho. Zinapita wiki mbili hadi kumi, kwa kawaida tano au sita, ndipo homa, kichefuchefu, uchovu na maumivu ya tumbo yaanze, mkojo uwe wa rangi nzito na macho yageuke manjano. Dawa mahususi haipo. Wengi hupona wenyewe baada ya wiki chache. Shirika lako limewahi kukadiria kwamba watu milioni 20 hivi huambukizwa kila mwaka duniani, na kwamba mwaka 2015 ugonjwa huu uliua watu 44,000 hivi. Ukizitazama hesabu hizo kwa ujumla wake utasema ni ugonjwa mpole.

Kwa mjamzito si mpole hata kidogo. Mama aliye katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba akiupata, kati ya wanawake 100 wa hali yake wanaweza kufa hata 20 mpaka 25. Ini linashindwa kazi, damu haigandi, mama anapoteza fahamu. Mtoto anaweza kuzaliwa mfu au njiti. Na mara nyingine uchungu ukimjia mama huyo, damu inatoka isisimame. Mkunga aliye mbele yake ana dripu, ana mikono yake, na ana damu ya kuongeza kama hospitali inayo. Katika kambi ya Mornay, Darfur, nchini Sudan, mwaka 2004, waliandikishwa wagonjwa 2,621 kwa miezi sita na wakafa 45. Kati ya hao 45, wajawazito walikuwa 19. Ninakuomba, Profesa, uliruhusu jicho lako libaki kidogo kwenye namba hiyo ya mwisho. Waliugua watu wa kila namna, wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee. Na zaidi ya manne katika kila makaburi kumi yakawa ya wanawake wenye mimba.

Jambo linalonisumbua zaidi ni zile wiki tano au sita. Mganga anapomwona mgonjwa wa kwanza mwenye macho ya manjano, maji yaliyomwambukiza yameshanywewa na kambi nzima zamani. Kisha hufuata muda wa kudhani ni malaria, au homa ya manjano. Sampuli zichukuliwe, mara nyingi zisafirishwe hadi maabara ya nchi jirani, majibu yarudi, mlipuko utangazwe, wafadhili waandikiwe. Katika muda wote huo mama aliyekuwa na mimba ya miezi minne anafika miezi saba.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kusema ni habari za mbali. Oktoba 2007 ugonjwa ulizuka wilayani Kitgum, kaskazini mwa Uganda, kwa watu ambao vita vilikuwa vimewaweka kambini kwa miaka. Kufikia Juni 2009 walikuwa wameugua zaidi ya 10,000 na 160 wamekufa. Mwaka 2012 uliwapata wakimbizi wa Dadaab nchini Kenya, wagonjwa zaidi ya 300. Mwaka huo huo na uliofuata ulizifagia kambi za Maban, Sudan Kusini; hadi mwisho wa Januari 2013 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa zaidi ya 5,000. Na wala si vita tu vinavyouleta. Namibia ni nchi ya amani. Mwaka 2017 ugonjwa ulianzia Windhoek, kwenye vitongoji vya mabati kama Havana ambako watu wengi hawana choo, ukaenea nchi nzima na kukaa miaka kadhaa. Waliugua zaidi ya 8,000 na wakafa zaidi ya 60, na karibu wanne katika kila kumi waliokufa walikuwa wajawazito au waliotoka kujifungua.

Naomba nisimame kidogo Kitgum, kwa sababu uchunguzi wa kule ulitoa jambo ambalo kila nyumba ya Kiswahili inaweza kulitumia leo bila kungoja mtu yeyote. Waliokuwa wakinawa mikono pamoja katika beseni moja waliugua zaidi, na vivyo hivyo waliokuwa wakihifadhi maji ya kunywa katika vyombo vyenye mdomo mpana. Nadhani kila mmoja wetu ameliona beseni hilo. Msibani, shambani, kwenye karamu ya ubarikio, linazungushwa: wa kwanza anachovya mikono, wa pili anachovya, na wa kumi ananawa maji ya wote tisa waliomtangulia kisha anakata tonge. Kunawa kwa namna hiyo kunaugawa ugonjwa. Watu wa pwani wamezoea birika na karai: mmoja anashika birika, anammiminia mgeni, maji yakishapita mkononi yanaanguka chini na hayarudi. Ule ustaarabu wa kumiminiana, pamoja na sabuni, unastahili kufundishwa kila kambi na kila kijiji, na ndoo yenye mfuniko na koki inastahili kuchukua nafasi ya pipa wazi linalochotwa kwa kikombe kilichoshikwa na watoto. Ningefurahi sana kukusikia wewe mwenyewe ukiyasema haya kwa sauti yako, maana ukisema wewe yatasikika.

Lakini, Mheshimiwa, sitaki kukudanganya kwamba birika litatosha. Kule Mornay watafiti walikuta kwamba hata waliokunywa maji ya juu ya ardhi yaliyotiwa klorini waliugua zaidi kuliko wenzao wa visima. Kuchemsha kunaua kirusi hiki. Lakini kuni za kuchemshia, mwanamke wa kambini huzifuata mwendo mrefu na hatarini, na kwanza anapika. Viwango vya huduma za dharura vinataka kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, na choo kimoja kisitumiwe na zaidi ya watu 20. Ni viwango vizuri na tuendelee kuvidai. Lakini kambi ya Bentiu, Sudan Kusini, yenye watu zaidi ya 100,000, tangu mafuriko ya 2021 imezungukwa na maji, na inalindwa na matuta ya udongo. Vyoo vikifurika mahali kama hapo, uchafu hauna pa kwenda ila kwenye maji yale yale. Wahandisi hodari wanafanya kazi kule usiku na mchana, na Mungu awape nguvu. Ila mimba haisubiri mfereji.

Ndipo nafika kwenye chanjo, ambayo kwa hakika wewe unaijua kuliko mimi.

Chanjo ipo. Iliendelezwa China, ikajaribiwa mkoani Jiangsu kwa watu zaidi ya 112,000, matokeo yakachapishwa mwaka 2010, na mwaka 2011 ikapewa idhini huko kwa jina la Hecolin. Hutolewa dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu mwezi wa sita tangu ya kwanza. Kwa waliofuatiliwa miaka minne na nusu, kinga yake ilionekana kuzuia karibu kesi 87 katika kila 100. Mwaka 2015 shirika lako lilitoa msimamo: halikupendekeza iingizwe katika ratiba za kawaida za nchi, lakini lilisema ifikiriwe wakati wa milipuko, hata kwa wajawazito. Nilipousoma msimamo huo niliuona wa busara na wenye huruma.

Hata hivyo hakuna nchi iliyoitumia kukabili mlipuko mpaka Machi 2022, Wizara ya Afya ya Sudan Kusini na Madaktari Wasio na Mipaka walipoanza kuchanja pale Bentiu watu wa umri wa miaka 16 hadi 40, wajawazito wakiwamo. Toka idhini ya China hadi sindano hiyo ilipita miaka kumi na zaidi. Vifo vya Namibia vyote nilivyovitaja vimo ndani ya miaka hiyo. Mwishoni mwa 2023 chanjo ilifika pia Fangak, jimbo la Jonglei, ikilenga wanawake na wasichana zaidi ya 12,000. Na huko nako wagonjwa walikuwa wameanza kulazwa tangu Aprili.

Naomba niseme kwa uangalifu sana jambo hili linalofuata, kwa sababu linagusa usalama wa mama na mtoto, na sipendi mtu alisome nusu. Nchini Bangladesh, wanawake walipochanjwa katika utafiti bila kujulikana kuwa ni wajawazito, au wakashika mimba muda mfupi baadaye, uchambuzi mmoja uliona dalili kwamba mimba zilizotoka zilikuwa nyingi zaidi upande wa waliochanjwa. Utafiti uliofanywa Bentiu baada ya kampeni ile haukuona ongezeko hilo. Katikati ya mlipuko, hatari ya ugonjwa wenyewe ni kubwa kiasi kwamba mama anaweza kuelezwa pande zote mbili na akachagua, nami nikiwa pale ningemshauri achanjwe. Lakini kwa nini tumfikishe kwenye uchaguzi mzito hivyo akiwa na mimba ya miezi minane na jirani yake amezikwa jana? Tungemchanja mwaka mmoja kabla, akiwa hana mimba na kambi haina ugonjwa, swali hilo asingekutana nalo kabisa.

Kwa hiyo ombi langu, Mheshimiwa Profesa, ni moja, na nalileta kwa magoti: katika maeneo ambayo tayari tunajua kwamba ugonjwa huu umekuja na unarudi, wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa wachanjwe kabla mlipuko haujatokea, wakati wa kiangazi, njia zikipitika.

Maeneo hayo hayahitaji kutafutwa kwa tochi. Bentiu, Maban na Fangak yanajulikana. Kambi za mashariki mwa Chad, zilizopokea wanaokimbia vita vya Sudan, zinajulikana. Kila wizara ya afya ya kanda inaweza kuandika orodha yake kwa siku moja: mahali penye watu wengi walioletwa na vita au umaskini, maji ya mashaka, mafuriko ya kila mwaka, na kumbukumbu ya macho ya manjano. Tukumbuke pia kwamba kinyesi kikipata njia ya kuingia kwenye maji, hakichagui ugonjwa wa kupeleka. Hapa kwetu Kigoma, Mei 2015, ndugu zetu kutoka Burundi walipojazana katika kijiji cha Kagunga kando ya ziwa, kilichotangulia ni kipindupindu.

Najua, na nakuomba usidhani nimesahau, kwamba si wewe unayeziamuru nchi. Mawaziri ndio wanaoamua, na mambo mengine ya ubora na ununuzi wa chanjo yana wakubwa wake Geneva. Lakini wewe ndiye unayekaa na mawaziri hao kila mwaka katika Kamati ya Kanda. Ukiliweka jambo mezani, linajadiliwa. Ulimwengu una akiba ya dharura ya chanjo za kipindupindu, uti wa mgongo, homa ya manjano na Ebola. Ukisema kwamba Afrika inataka na ya homa ya ini E iwepo karibu, ikiwa na friji, marubani na wachanjaji waliokwisha fundishwa, nani atakuwa na sauti ya kulipinga? Ukisema vipimo vya haraka vipelekwe kwenye zahanati za kambi ili sampuli isisafiri wiki nzima kutafuta jibu, hilo nalo litatendeka. Na ukiagiza kwamba kila kifo cha mjamzito mwenye manjano kihesabiwe peke yake, kisimezwe ndani ya jumla ya wagonjwa, tutaanza kuona kwa macho kile ambacho wastani unakificha.

Wapo watakaokushauri usubiri, kwa hoja kwamba fedha za afya zimepungua na magonjwa mengine yanaua wengi zaidi. Ni washauri waaminifu, nawaheshimu, na hesabu zao ni za kweli. Nawaomba kwa upole wahesabu pia kinachobaki mama akifa: kichanga kisicho na ziwa la kunyonya, na watoto wakubwa wanaotolewa shule ili mmoja wao akilee. Wapo pia watakaosema kwamba chanjo itawapumzisha waliopaswa kuchimba visima. Hofu hiyo ninayo na mimi. Chanjo hii haizuii kipindupindu, haizuii kuhara, haimpi mtu choo. Ndiyo maana kila mkataba wa kupeleka chanjo unaweza kuandikwa pamoja na ahadi ya maji na vyoo, vikaguliwe pamoja, na taarifa zake zifike mezani kwako kwa siku moja.

Samahani kwa maneno mengi. Nimalizie na kalenda, kwa sababu ndiyo iliyonisukuma kuandika. Kaskazini mwa Sudan Kusini mvua kubwa huanza kuchanganya karibu na Mei na kuendelea hadi Oktoba. Dozi tatu za chanjo hii huchukua miezi sita. Ili dozi ya tatu iwe imekwisha tolewa kabla ya mvua za Mei, ya kwanza inapaswa kutolewa mwishoni mwa Oktoba, na kabla ya hapo chanjo iwe imeagizwa, imesafirishwa na kuhifadhiwa kwenye ubaridi. Tunakuomba, Profesa wetu, kwa heshima zote tulizo nazo, uagizaji huo uanze msimu huu, na usingoje mgonjwa wa kwanza.

Wako mtiifu,
Mkunga mstaafu,
Kigoma, Tanzania.